Nilikataa Pete ya Mke Wangu Isikatwe

Nisikilize kwanza, ndugu yangu, halafu unitukane. Ukianza sasa hivi utanitukana kidogo, na mimi nastahili matusi mengi.

Mimi ndiye niliyemharibia mke wangu mkono. Sikumpiga. Sijawahi kumpiga hata kofi, na kwa miaka mingi nilikuwa najisifia hilo mbele za watu. Lakini mkono wake wa kushoto niliuharibu mimi, nikiwa na akili zangu timamu, huku watu wananionya.

Nitamwita Mama Neema, ingawa mtoto wetu haitwi Neema. Sote wawili ni watu wa Mara, tumekulia kando ya ziwa, tukafunga ndoa kanisani, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Pasiansi, chumba na sebule. Yeye alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo huko Nyakato, upande wa nyuzi. Uzi ukikatika kwenye mashine, yeye anauwahi kwa vidole na kuuunga, kazi inaendelea. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba Mungu alimpa vidole vya ziada akavificha.

Na alikuwa anacheza netiboli. Ndugu yangu, yule mwanamke alikuwa anacheza! Alikuwa mfungaji wa timu ya kiwanda. Akishaudaka mpira chini ya goli, wapinzani walikuwa wanageuka tu kurudi katikati, maana wanajua umeingia. Wakati wa uchumba nilikuwa naenda kumtazama, nasimama pembeni najifanya simfahamu, kumbe moyo unanidunda.

Mimi nilikuwa karani wa ushirika wa pamba, Magu. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, wakulima wakamfuata mwenye hela mkononi, sisi wa ushirika tukabaki tunalinda maghala matupu. Nikapunguzwa kazi. Mke wangu akawa ndiye anayetoka asubuhi, na mimi ndiye ninayebaki na mtoto na masufuria.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na sitamsingizia shetani. Mwanaume akikaa bila kazi anasikiliza sana maneno. Kijiweni kwetu kulikuwa na jamaa mmoja, fundi redio, mtu wa utani. Siku moja akaniambia, "Shemeji nimemwona uwanjani. Mbona havai pete? Kule kila mtu anadhani bado binti."

Alikuwa anatania tu. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimevimba kwa hasira.

Pete yenyewe ilikuwa inambana tangu ajifungue. Alikuwa anaivaa Jumapili tu, tena kwa kuisukuma na sabuni, siku nyingine inakaa kwenye pindo la kanga lililofungwa vizuri. Na alishanieleza zamani: mashine inaweza kuinasa, mpira unaweza kuigonga, na mwamuzi wa netiboli hukagua kucha na pete kabla ya mchezo. Yote hayo niliyajua. Jioni ile nikajifanya siyajui.

"Kuanzia leo pete haitoki kidoleni," nikamwambia.

"Baba Neema, mchezo hauruhusu."

"Mchezo ndio uliokuoa, au mimi?"

Mimi mwenyewe nikaleta sabuni, nikaisukuma pete mpaka ikapita kwenye kifundo. Tangu siku hiyo haikutoka. Kabla ya mchezo alikuwa anaizungushia plasta, mwamuzi anaguna, halafu anamwachia.

Sasa sikia. Jumamosi moja walimu wa timu ya mkoa walikuja Nyakato kuchagua wachezaji. Na mimi nilikuwepo, pembeni ya uwanja, kazi yangu kuhesabu wanaume wanaomwangalia mke wangu. Mpira ukaja kwa kasi, akaurukia, ukamgonga ncha ya kidole, kile kile chenye pete. Kidole kikarudi nyuma. Akapiga magoti ameushika mkono.

Kapteni wao, mama mmoja mkubwa kidogo kwetu ambaye timu nzima ilimwita Dada, akakimbia kwa muuza soda akarudi na barafu, na kipande cha sabuni. Nilimsikia vizuri. "Pete itoke sasa hivi, mdogo wangu. Kikishavimba haitatoka tena."

Mke wangu akainua uso. Hakumtazama Dada. Alinitafuta mimi kwenye watu, mpaka macho yetu yakakutana.

Nikatikisa kichwa.

Akaukumbatia ule mkono kifuani akasema, "Acha tu, Dada. Itakuwa sawa."

Nyumbani nikajifanya daktari. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamkanda. Nikakishika kidole nikakivuta ili kinyooke, kama nilivyoona vijana wakivutana vidole kwenye mpira wa miguu. Kila nilichofanya kilikuwa kinyume. Kidole kilichoumia kinataka baridi, kinataka mkono uinuliwe juu utulie, na hakivutwi na mtu asiyejua kama kimevunjika au kimetenguka. Mimi nilikitia maji ya moto. Kikavimba mpaka pete ikazama, nyama ikainuka huku na huku.

Jumapili hatukwenda kanisani. Kidole kilikuwa cha zambarau.

"Baba Neema, kinaniuma. Twende wakaikate hii pete."

"Uvimbe utashuka tu."

"Siyo uvimbe unaoniuma. Ni pete."

Na mimi nikamjibu hivi, Mungu anisamehe: "Umepata sababu. Ulikuwa unaitafuta siku nyingi."

Akaenda kumpikia mtoto uji kwa mkono mmoja.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Nesi alikuwa binti mdogo, akanipa shikamoo vizuri, nikaitika marahaba kwa sauti ya ukubwa. Alipofunua kitambaa kilichofunga kidole hakuuliza mengi. Akaenda kutafuta koleo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naikata pete, baba. Damu haipiti."

"Haikatwi. Pete hii imebarikiwa madhabahuni. Mpe dawa ya maumivu."

"Baba, pete inatengenezwa nyingine. Kidole je?"

Nikachukua vidonge, nikamshika mke wangu bega tukatoka. Yule binti alitufuata mpaka mlangoni, akasema basi twende hospitali kubwa, leo leo, tusilale nacho. Tukalala nacho.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Nilikuwa nimeshasema hapana mbele za watu, na wakati ule hiyo hapana ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinanifanya nijione mwanaume. Kazi sina, chakula nalishwa. Basi nikaling'ang'ania neno langu, na neno lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kidole cha mtu mwingine.

Asubuhi akaniambia hakiumi tena.

Nikafurahi! Ndugu yangu, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia, unaona, nilikwambia. Akanitazama kwa utulivu mmoja wa ajabu akasema, "Hakiumi kwa sababu sikisikii."

Dada ndiye aliyekuja kumwangalia, maana kazini hakuonekana. Alikifunua kile kidole, akanusa, akafunika. Hakunisalimia wala kuniuliza. Alimvalisha mke wangu kanga, akamchukua hospitali, na mimi nikawafuata nyuma nimebeba mtoto.

Pete waliikata kwa dakika chache tu. Daktari alisema kidole kimeshakufa, na usaha umeshuka kwenye kiganja. Kidole kikaondolewa. Cha pembeni yake kikabaki kigumu, hakikunjiki. Mkono haufumbi mpaka leo. Nje ya wodi Dada akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba ile Jumamosi wale walimu walikuwa wameshamchagua kabla hata hajaumia.

Mama mkwe akaja kutoka Majita na ndizi zake na samaki wa kukausha. Alipouona ule mkono alikaa chini sakafuni.

"Imekuwaje, mwanangu?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mke wangu akaniwahi. "Ni mpira tu, mama. Mpira ni hatari."

Na yule mama akanigeukia mimi, machozi yanamtoka, akaniambia, "Asante, baba. Asante kwa kumuuguza mwanangu." Niliitikia. Nilitamani sakafu inimeze, lakini niliitikia.

Kazini walimtoa kwenye nyuzi wakampa ufagio. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, wa ufagio ndio walioanza. Uwanjani hakukanyaga tena. Jumamosi zikifika alikuwa anafunga dirisha la upande wa barabarani, kisa wenzake wanapita wanaimba.

Hakunigombeza hata mara moja. Nilikuwa naomba anigombeze. Anapika, anafua kwa shida, nguo anazikamua kwa kuzibana na kiwiko, na nikitaka kumsaidia ananipa upande mwingine wa shuka tunakamua wote, kimya. Nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Halafu siku moja nikamkuta amefunga mizigo yake na ya mtoto, anakwenda kwao. Nikampigia magoti. Nikamwambia nimekosa, nisamehe kidole chako.

"Kidole nilikusamehe pale pale hospitalini," akasema. "Nilijua ni wivu, na wivu unaisha. Lakini nilikwambia kinaniuma, ukasema nimepata sababu. Sasa Baba Neema, siku nyingine nikiumwa nitamwambia nani?"

Nikambebea mizigo mpaka stendi, nikamshika mtoto, nikamrudisha mikononi mwake, na basi la Musoma likaondoka.

Sasa hivi nimepata kibarua kwenye kiwanda cha samaki, nakata sangara. Juzi kisu kilinipitia kidole gumba. Jeraha dogo tu, lakini nilipofika nyumbani, kabla sijawasha hata taa, nikajisikia naita, "Mama Neema, nimejikata." Nikasimama pale mlangoni mpaka damu ikakauka yenyewe.

Enyi wanaume wenzangu, mke wako au binti yako akienda kucheza, mwache avue pete, avue bangili, avue kila kitu. Akiumia kidole, pete itoke kabla ya uvimbe, na ikigoma ikatwe, hata kama askofu mwenyewe ndiye aliyeivalisha. Mwekee barafu. Usimkande na maji ya moto, usimvute kidole, mpeleke hospitali.

Na akikwambia inauma, basi inauma. Usimtafutie sababu. Mwamini hapo hapo, wakati bado anakuona wewe ni mtu wa kuambiwa.