Utepe Mweusi Chini ya Televisheni Yangu

Binti yangu alibandua utepe mweusi kwenye televisheni, na mwanamke niliyemchukia miaka minne akageuka malaika mbele ya macho yangu.

Sina homa. Pombe sijaonja tangu Pasaka, na Pasaka yenyewe nilionja tu. Kaa vizuri nikupe mkasa.

Naitwa Ralibakha, mstaafu wa migodi, mkazi wa Quthing, Lesotho. Masikio yangu niliyaacha Welkom, Afrika Kusini, chini kabisa ya ardhi, kwenye mashine ya kutobolea mwamba. Mashine ile ilikuwa na kelele mpaka meno ya mbele yanahamia nyuma. Miaka kumi na tisa niliishika.

Siku ya kupimwa wakaniweka kwenye kijichumba, wakanionyesha kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio.

Nikakaa nawasubiri waanze. Kumbe walishamaliza.

Nikarudishwa nyumbani.

Kule chini kelele zikizidi, watu huongea kwa mikono. Hii "zima mashine". Hii "mwamba unashuka". Hii "bosi anakuja, jifanye unafanya kazi". Mwenzangu wa mashine, Sefali, alikuwa bingwa wa mikono hiyo. Naye aliporudi kijijini, miaka mitatu baada yangu, jioni ya kwanza tu akaja kwangu. Tukaongea mpaka viganja vikauma.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Sefali akawa redio yangu, gazeti langu, na mkalimani wangu kwa kijiji kizima.

Ndiye aliyenitafutia televisheni ya mtumba mjini, akaileta mgongoni mwa punda. Ilifika na utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, umepita chini ya kioo kutoka kona hadi kona.

"Kioo kina ufa," akaniambia kwa mikono. "Ubandue uone. Tutakuzika vipande vipande."

Nikaamini. Mtu aliyekuvuta miguu siku mwamba ulipoanguka humdai ushahidi.

Kila siku saa moja jioni tukawa tunatazama mchezo wa kuigiza. Mimi napika ugali na mboga, yeye ananitafsiria. Alikuwa fundi, bwana! Mtu akifa, mwamba umeshuka. Mchepuko akiingia, bosi anakuja.

Ndani ya mchezo ule alikuwemo mjane mwenye kilemba chekundu.

"Huyu ni nyoka," Sefali akasema. "Anaolewa na wazee wapweke, anawatilia sumu kwenye uji, anabaki na ng'ombe."

"Mbona analia?"

"Ana machozi ya akiba huyo. Mtazame vizuri."

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo nilipoingizwa mjini.

Kijijini kwetu kulikuwa na mjane wa kweli, M'e Malineo, yaani Mama Malineo, kiongozi wa kwaya. Alikuwa ananiletea mkate. Akiniongelesha ananitazama usoni, polepole, kama mtu anayemimina maziwa asimwage. Nikaanza kunyoa ndevu kila siku. Nikamwambia Sefali kwamba nataka kuposa.

Wiki ileile, mwenye kilemba chekundu akaua mume wa nne.

"Unaona?" Sefali akasema. "Wajane wote hao baba mmoja, mama mmoja. Shauri yako."

Nikapoa. Malineo akileta mkate namtupia mbwa nyuma ya nyumba. Mbwa akanenepa, hakufa, na bado sikujiuliza.

Jumapili moja akaja, akasimama getini. Mimi nikainamisha uso, kwa hiyo akamgeukia Sefali. Aliongea sana. Sefali akawa anatikisa kichwa: ee, ee.

Alipoondoka nikauliza, "Kasemaje?"

"Anakuaga. Anahamia kwa mwanawe, Leribe. Mungu akutunze."

Maneno yote yale, kwaheri tu? Nikameza. Mwaka uliofuata barua ya kanisa ikaleta habari: amefariki hukohuko.

Mwezi uliopita binti yangu Nthatisi akaja kutoka Bloemfontein. Huwa anakuja Krismasi, nyumba imejaa watu, hakuna anayekumbuka televisheni. Safari hii alikuja kupumzika, akashika kitambaa afute vumbi. Nikakimbia kumzuia, nikachelewa. Utepe ukatoka wote kama ngozi ya nyoka.

Ufa haukuwepo.

Saa moja ilipofika nikaona kilichokuwepo. Maandishi! Kila mtu akifungua mdomo, maneno yake yanapita chini kwa Kiingereza.

Mimi nilijifundisha kusoma hosteli ya mgodini, kwenye magazeti ya kufungia nyama. Nikasoma, kidole kwenye kioo. Mwenye kilemba chekundu alikuwa anasema: "Mtoto wangu mliniibia akiwa ananyonya. Siwadai kitu kingine."

Nikamuuliza binti, "Huyu si muuaji?"

Akaniandikia kwenye simu: "Ntate, baba yangu! Huyu ndiye mtu mwema pekee humo ndani."

Kisha akaandika tena: "Na mbona sauti imezimwa?"

Sauti ilikuwa sifuri. Mkalimani wangu alikuwa anatafsiri televisheni isiyotoa sauti!

Sefali akaingia na mdomo wake kama kawaida, salamu kumi kabla Nthatisi hajajibu moja. Ndivyo alivyo, kijiji kizima kinamwita kasuku, na kasuku haulizwi maswali. Akaona kioo. Mikono yake ikafa.

"Tafsiri," nikamwambia. "Leo mjane wako kasemaje?"

Nthatisi akapita nyuma yake na mfuniko wa sufuria, akaupiga kwa mwiko. Mbwa alitoka mlangoni kama risasi. Sefali hakupepesa hata jicho.

"Hata wewe?" nikauliza.

Akakaa.

"Mashine ni moja, Ralibakha. Wewe ulishika mpini, mimi nilishika chuma. Ulidhani inachagua masikio?"

"Lakini kipimo ulifaulu!"

"Nilitazama kidole cha nesi kupitia kioo. Akibonyeza, nabonyeza."

"Na utepe?"

"Wewe unajua kusoma. Mimi sijui. Ungenikamata siku ya kwanza."

"Na Malineo? Malineo alikukosea nini?"

Hapo akajitazama viganja.

"Ungeoa mtu mwenye masikio. Angenigundua kabla chai haijapoa, ukanifukuza. Kwangu wananipita kama kiti. Mikono hii ningeongea na nani?"

Nilitaka kumpiga. Binti akanishika koti.

Nikauliza lililobaki. "Ile Jumapili getini. Alisema nini?"

"Sijui. Sikusikia."

"Hata neno moja?"

"Niliona midomo. Mwanawe alikuwa anapakia mizigo kwenye gari, nikaitunga kwaheri."

Ndugu zangu, mwongo wa kawaida ukimkaba koo, ukweli hutoka. Huyu alikuwa hana hata wa kutoa. Malineo alizikwa na maneno yake, na watu wawili aliowaambia walikuwa viziwi wote wawili.

Sefali bado anakuja saa moja. Sijamsamehe, nimemwambia hivyo kwa mikono yote miwili. Chakula anakuja nacho mwenyewe. Namwonyesha maandishi kwa mikono kama yalivyo, hata yale ya kuchosha, bila kumwongezea chumvi. Anateseka sana.

Kwa nini simfukuzi? Na mimi nitaongea na nani?

Ila nisimtwike yeye mzigo wote. Malineo alijua kuandika. Daftari zima la nyimbo za kwaya alilinakili kwa mkono wake. Na mimi Jumapili ile nilikuwa na kalamu mfukoni. Niliona aibu, mwanaume mzima, mwanamke aniandikie getini watu wakipita.

Wewe uliyepungukiwa masikio, mtu akikusemesha na hujaelewa, mpe karatasi yeye mwenyewe, usimpe jirani. Aibu huisha kabla ya chakula cha jioni. Mimi mpaka leo nimekaa na lile la getini, na sijui hata kama lilikuwa swali.