Kichwa cha Mbuzi wa Akika

Zaina wa Mbekenyera anauza supu ya vichwa vya mbuzi sokoni, na mdomo wake ni mkali kuliko pilipili anayoitia. Lakini asubuhi ile aliishiwa maneno. Alikuwa amechuchumaa uani kwa kaka yake Masoudi, kisu mkononi, kichwa cha mbuzi mbele yake, ukoo mzima ukimkodolea macho.

Mbuzi alikuwa wa akika, sadaka ya kuzaliwa kwa mjukuu wa Masoudi, na mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Viungo huachanishwa kwa kisu, mifupa ikafukiwa mizima. "Ukivunja hata kipande, dada, tumeharibiana," Masoudi alikuwa amesema. Hakuwa anatania.

Aliyehitaji kiungo cha taya ni Daktari Kipriani, mtafiti. Mbele ya sikio, kati ya taya na fuvu, kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa usisage mfupa. Yeye hupima urefu wake, upana na unene, ili wenzake maabara wajue wakioteshe cha namna gani kwa chembe hai, kiwekwe pale kilipoharibika. Vichwa vya machinjioni vyote vilikuwa vimepasuliwa kwa shoka, visahani vikachanika. Zaina ndiye aliyejitosa kumwomba kaka yake.

Si kwa kupenda utafiti, thubutu! Binti yake Zulfa kisahani kilimteleza kikalika. Mdomo haupitishi zaidi ya kijiko, anashindia uji, na akipiga mwayo analia. Msichana aliyekuwa akicheka mtaa mzima unajua yupo, jamani! Zaina roho ilimuuma kila alipompikia.

Kisu kikazama, kikagota.

"Taratibu, mama," daktari akanong'ona.

"Niache nishike kisu changu!"

Akakigeuza, akatafuta njia kwa kidole gumba. Ghafla, ta! Masoudi akainuka. Wanawake wakashika vinywa. Zaina hakuthubutu kutazama.

Daktari akainama, akapapasa. "Kano tu. Mfupa mzima."

Masoudi akakaa chini. Taya likaachia, na kisahani kikatoka cheupe, chembamba katikati, hakina mchaniko. Daktari akakipima upesi kabla hakijakauka, akirudia kila kipimo, uso umemchangamka.

"Sasa, mwanangu," Zaina akauliza, "cha Zulfa kitakuwa tayari lini?"

Uso ule ukasawajika. "Mama, sitakudanganya. Tupo kwenye kupima tu, tena mbuzi. Mpaka kifike kwa mtu ni miaka mingi. Huenda Zulfa asikipate."

Zulfa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. Alikuwa amesikia yote. Zaina alitaka kumtukana yule daktari, amtukane mpaka Ruangwa wasikie. Machozi yakamtangulia. Akayafuta kwa kiwiko, akakivuta kichwa, akakigeuza.

"Bado upande wa pili," akasema. "Shika hapa. Na upime vizuri, mama mwingine asije akajibiwa hivi."