Twiga Wanaochechemea wa Mama Elieshi

Mzee Clemensi wa Mbulumbulu alipotangaza kanisani kwamba binti yake Lukresia amechaguliwa chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uhandisi wa uzalishaji viwandani, watu walipiga makofi, kisha wakaanza kumletea vitu vibovu. Redio, pampu za kupulizia dawa, jino la plau, hata saa ya ukutani. Mzee alivipokea vyote. Kila binti alipokuja likizo alikuta rundo limeongezeka. Akieleza kwamba hasomei kutengeneza kitu kimoja kilichoharibika bali kutoa vitu elfu vinavyofanana, wazee walimtazama kwa huruma na kumwambia, "Usijali mwanetu, utafika tu."

Na mnisikie vizuri, maana wapo wanaodhani msichana wa shamba akienda chuo anaota gari na viatu. Lukresia aliota mkanda wa kiwandani unaopitisha vifuniko vya chupa, kimoja baada ya kingine, vyote sawasawa. Akiona vifuniko viwili vinavyolingana, moyo wake unatulia. Kila mtu na ugonjwa wake.

Mwaka wa tatu ukafika wakati wa fildi, ile miezi ya mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi asipofaulu anarudia mwaka. Lukresia alizunguka viwanda vya Dar mpaka soli zikaisha. Huku nafasi zimejaa, kule njoo wiki ijayo, kwingine mlinzi hata geti hakufungua. Chuo nacho kikachoka, kikasema popote penye malighafi inayoingia na bidhaa inayotoka panatosha. Mzee Clemensi aliposimuliwa kwenye simu akasema kwa hesabu hiyo hata ng'ombe ni kiwanda. Hakukosea sana, ila ng'ombe hasimamii mwanafunzi.

Ndivyo alivyoangukia kwa Mama Elieshi.

Huyu mama ni Mmachame aliyehamia Karatu zamani, wakati barabara ya kwenda geti la Ngorongoro haijatiwa lami. Ana duka la vinyago kando ya barabara hiyo, na nyuma ya duka ana karakana ya mabati ambamo fundi Leonce na wenzake wanachonga twiga. Twiga tu. Tembo aliwajaribu, wakamdodea. Mbele ya duka, kwenye kigoda, anakaa Sairowua wa Endulen, shuka jekundu begani, kisu mkononi, na mapajani twiga ambaye hajakamilika. Gari la watalii likikata kona, Sairowua anaanza kuchonga. Likiondoka, anaacha. Twiga huyo sasa ana mwaka wa tatu. Sairowua hajui kuchonga hata mwiko, kwao ni ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo anapitisha mgongo wa kisu ili mti usipungue. Lukresia alipomuuliza cheo chake, alijibu bila aibu yoyote, "Mimi ndiye fundi mkuu."

Wiki ya kwanza Lukresia alipima miguu ya twiga wote dukani, akashika kichwa. Wengi wao hawakuwa na mguu uliolingana na mwenzake. Huyu kalemea kulia, yule kainama mbele utadhani anatafuta shilingi. Basi akaunda fremu ya mbao: twiga analazwa ndani, msumeno unapita, miguu yote minne inakatika sawa. Mafundi wakaipenda, kazi ikaenda mbio. Kufikia Ijumaa shelfu nzima ilijaa twiga waliosimama wima kama watoto mstarini shuleni. Lukresia aliwatazama mpaka machozi yakamlengalenga.

Hakuuzwa hata mmoja. Watalii waliingia, wakatazama, wakanong'onezana, wakatoka. Angel, dada mmoja anayeendesha magari ya watalii, akarudi kumpasha Mama Elieshi.

"Mama, wageni wangu wanasema hawa wametoka kiwandani ng'ambo. Wanataka kazi ya mkono. Wanamuulizia yule wa zamani, aliyekuwa anaanguka anguka."

Mama Elieshi akamgeukia mwanafunzi wake, mikono kiunoni. "Lukresia mwanangu, umenimaliza! Twiga wangu wamepona wote!"

Amri ikatoka hapo hapo: twiga wachechemee, tena kila mmoja kivyake. Mnadhani rahisi? Leonce alijitahidi kukosea siku nzima, jasho likamtoka. Mkono wa fundi ukishazoea kunyoosha, kuupindisha makusudi ni kazi. Jioni walipowapanga, twiga wote walikuwa wanachechemea mguu ule ule wa nyuma kushoto, ukoo mzima.

Hapo ndipo Lukresia alipoingia kazini kweli. Alichukua gurudumu la baiskeli, pedeli, springi za kitanda kilichokufa na kipande cha msumeno, akajifungia karakanani. Vidole vyake vilichanika mpaka vikavaa plasta vyote. Alipotoka alikuwa na mashine. Twiga analazwa kwenye fremu inayoning'inia kwenye springi, mtu anakanyaga pedeli, fremu inayumba inavyotaka, na msumeno unakata kila mguu urefu wake. Twiga anatoka anachechemea, lakini haanguki. Anayefuata anachechemea vingine kabisa. Lukresia aliijaribu kwa wiki mbili, na haikuwahi kurudia kosa.

Biashara ikawaka. Mama Elieshi akaweka sheria moja tu: mashine ifunikwe turubai, na yeyote atakayetamka neno "mashine" mbele ya mteja aende kutafuta kazi kwa jirani.

Lukresia sasa, jamani, aliumia. "Nimesoma miaka mitatu nizuie makosa," alimwambia Leonce, "leo ndiyo nayazalisha."

"Bora wewe una mashine," Leonce akamjibu. "Mimi nilikuwa nayatoa kwa mkono."

Kilichomnyima usingizi zaidi ni Dokta Gideon, mwalimu wa chuo aliyekuwa anazunguka kukagua wanafunzi wa fildi. Dokta Gideon habembelezwi. Anafika na swali moja: wewe mwenyewe hapa umefanya nini? Ukibabaika, unarudia mwaka, na huko Mbulumbulu Mzee Clemensi atasimama tena kanisani kueleza.

Alifika asubuhi ya ukungu, suruali imeshika vumbi jekundu hadi magotini. Lukresia akampa shikamoo, akamwonyesha mchoro alioandaa.

"Dokta, nilipoanza, twiga wenye makosa walikuwa wengi ila si wote. Sasa hivi ni asilimia mia moja."

Dokta Gideon akavua miwani. "Umeyapandisha makosa?"

"Ndiyo, Dokta. Mteja ndiye anayeyataka. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ubora ni kumpa mteja anachohitaji."

"Sikuwa na maana hiyo," akasema Dokta.

Lukresia alikuwa anamwongoza kuelekea karakanani akaione mashine, ndipo gari la Angel likakata kona. Sairowua akaanza kuchonga. Akashuka bibi mmoja wa kizungu, kofia kubwa, akaingia dukani na kumshika twiga aliyelemea upande kama mtu aliyebeba ndoo. Akamkumbatia. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyemtengeneza.

"Huyo hapo nje!" Mama Elieshi akawahi. "Fundi mkuu!"

Sairowua akaitika kwa kichwa, taratibu, kwa heshima zake zote.

Dokta Gideon akamtazama Sairowua, akamtazama Lukresia. "Kumbe twiga anatengenezwa na huyu bwana. Sasa wewe umefanya nini hapa?"

Loo! Hebu jiwekeni pale. Akisema, sheria ya Mama Elieshi imevunjika, mzungu anaondoka na habari inaenea hadi geti la hifadhi. Akinyamaza, mwaka umekwenda na maji. Mama Elieshi alikuwa anamkodolea macho. Lukresia akamwonea huruma Leonce, akamwonea huruma baba yake, kisha hasira ikamshika. Plasta zote hizi, eti fundi mkuu!

"Ni mashine!" akapiga kelele. "Mashine! Nimeiunda mimi, kwa mikono yangu!" Akarudia kwa Kiingereza, ili asibaki mtu wa kusingizia hakuelewa.

Mama Elieshi akakaa chini kwenye kapu la shanga.

Yule bibi akataka kuiona. Wakaenda wote nyuma, turubai likavuliwa, Leonce akakanyaga pedeli. Gurudumu likalia, springi zikarukaruka, twiga akatoka anachechemea. Mzungu hakumtazama twiga kabisa. Alikuwa anaizunguka mashine. Akagusa springi za kitanda, akagusa waya zilizofungwa mafundomafundo, akavishika vile vidole vya Lukresia na plasta zake, akavitazama kimoja kimoja. Akamwambia Angel jambo.

"Anauliza kama ipo nyingine kama hii duniani," Angel akatafsiri.

Mama Elieshi alikuwa ameshasimama. "Hakuna! Mwambie hakuna! Ni kazi ya mkono, moja tu!"

"Basi anasema anainunua."

Lukresia hata hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Mama Elieshi alishaanza kupatana, na vijana wa karakanani wakaibeba mashine kuipandisha juu ya gari, wakaifunga kamba katikati ya mahema ya watalii. Sairowua aliwaelekeza, kama fundi mkuu anavyopaswa.

Lukresia alibaki karakanani, amekaa juu ya gogo, anatazama mahali palipokuwa na mashine. Palibaki vumbi la mbao. Aliwaza kwamba ushahidi wake wote unakwenda uwanja wa ndege, na akalia waziwazi, bila kujificha.

Dokta Gideon alichutama akalichunguza vumbi lile.

"Nikikuletea vifaa vile vile," akauliza, "unaweza kutengeneza nyingine inayofanana na ile?"

Fildi nzima, tangu siku ya kwanza, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Lukresia swali la kiwandani. Akasimama. Sauti iliyomtoka ilisikika mpaka barabarani.

"Naweza, Dokta! Hata mia! Springi kwa springi, fundo kwa fundo, ukizipanga hutajua ipi ni ipi!"

"Umefaulu," akasema Dokta Gideon.

Mama Elieshi alikuja mbio, kanga inamdondoka, akamziba Lukresia mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nyamaza, mwanangu! Gari halijaondoka!"

Lukresia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na chini ya viganja vile bado alikuwa anasema hata mia, Dokta, hata mia.