Njiti Mbili Kati ya Moto na Chuma

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kukata vyuma, njia ya Luzira, Kampala, sikuruhusiwa kugusa moto. Msimamizi, Mhindi asiyependa maneno mengi, alinipa kiberiti akanikataza kukiwasha. Alilaza njiti mbili kwenye bamba la chuma, moja juu ya nyingine, akashusha mdomo wa kichomeo cha gesi mpaka ukazigusa.

"Kazi iko hapo," alisema. "Ingine yote gesi nafanya."

Ndivyo ilivyokuwa: nafasi kati ya mdomo na chuma ibaki unene wa njiti mbili. Mdomo ukiwa chini mno, cheche zinauziba na moto unarudi ndani kwa mlio wa kutisha. Ukiwa juu mno, moto unatawanyika, ukingo unayeyuka, na makapi ya chuma kilichoyeyuka yanaganda chini ya bamba kama ukoko wa sufuria. Nyinyi vijana mnaokata kwa leza mnaiita nafasi hiyo fokasi. Shida ni ileile.

Wahindi walipofukuzwa nchini, Msimamizi aliondoka na sanduku moja. Niliumia sana. Karakana akapewa Kapteni mmoja wa jeshi, naye akamleta Sajini, mtu wa Arua, awe mkuu wetu. Sajini hakujua kukata, lakini aliuliza. Kapteni hakujua wala hakuuliza.

Tukaletewa mabamba mazito ya kuundia kivuko cha ziwani, yamepinda kwa kutupwa ovyo kutoka kwenye lori. Kichomeo chetu kilibebwa na kigari kinachotembea juu ya reli iliyonyooka, kwa hiyo kila penye nundu chuma kiliusogelea mdomo. Kapteni akaamuru tusipoteze muda kupima. Bamba la kwanza likatoka kama limetafunwa na panya.

"Sajini, hii ni hujuma," alisema. "Kesho mimi narudi. Ikiharibika tena, wewe naingia buti ya gari yangu."

Kampala nzima ilijua kwamba walioingia kwenye buti hawakurudi. Mke wa Sajini alikuwa mjamzito.

Kulipokucha tulipima bamba la pili kwa njiti kutoka mwanzo hadi mwisho, tukiandika kwa chaki pa kupandisha na pa kushusha. Lakini mimi nilivaa miwani nyeusi ya kazi, chaki siioni, na kusimama katikati kungeacha kovu ukingoni. Basi Sajini akatembea kando yangu akisoma, nami nikazungusha skrubu ya kupandisha na kushusha mdomo. Kapteni alisimama mlangoni.

"Panda, ndugu," Sajini alisoma. "Shuka kidogo. Panda."

Penye nundu kubwa sauti yake ikakauka. Nikasikia moto unaanza kupasukapasuka, nikajua chuma kimekaribia, nikapandisha. Moto ukatulia.

Niligonga kwa nyundo mara moja tu, makapi yakadondoka yote. Kapteni alipitisha kidole gumba ukingoni, akasema tumalize yaliyobaki, akaenda zake. Sajini aliketi juu ya mtungi mtupu wa gesi, akalia bila kujificha.

Sasa nimestaafu. Fundi mmoja wa Bukoto alinionyesha leza yake inayopima nafasi hiyo yenyewe, nikaipenda na kuionea wivu. Sajini alifariki juzi kwa uzee. Mazikoni binti yake, yule aliyekuwa tumboni, aliniuliza mimi na baba yake tulifanya kazi gani. Nikamwambia tulikata mabamba ya kivuko, na baba yake ndiye aliyenisomea vipimo. Alitabasamu, akasema hakujua kama mzee aliwahi kuwa fundi. Nyuma yake wanawe, wajukuu wa Sajini, walikuwa wakikimbizana. Niliwatazama mpaka machozi yakanitoka.