Sanduku Lililorudi Safi

Kila miezi mitatu, maktaba yetu ya Bukoba ilipeleka masanduku ya vitabu shuleni na visiwani wilayani Muleba na kurudisha ya zamani. La shule moja ya Izigo lilirudi limekamilika, vitabu vinang'aa kama vimetoka dukani. La wavuvi wa kisiwa cha Goziba lilirudi linanuka dagaa, kurasa zimelegea, vitabu viwili vitatu havionekani. Nilikasirika. Nikamsifu mwalimu mkuu wa Izigo mbele ya kila mtu, kisha nikaandika barua ya kuwaondoa Goziba kwenye orodha.

Mwaka jana nilikwenda Izigo mwenyewe. Mwalimu mkuu alinifungulia kabati la ofisini kwake, lenye kufuli kubwa.

"Mama, sanduku likija linaingia humu, likidaiwa linatoka," alisema kwa fahari. "Hakuna mtoto anayeligusa."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Alikuwa akifanya kile kile nilichomsifia.

Goziba hatujawapelekea tena. Sanduku lao la mwisho bado liko stoo, linanuka vile vile, na kila kitabu kilichobaki kina alama za vidole hadi ukurasa wa mwisho.