Aliyekufa Hasemi

Kifua cha Elineema kilisikika kabla yake. Kila Jumamosi baada ya alasiri, Amira, au Mama Tunu kama walivyomwita, mwenye steshenari ndogo pale Bagara, alikisikia kikohozi kikija barabarani, kikisimama kupumzika, kikija tena. Ndipo alipovuta meza katikati ya duka.

Elineema alizaliwa Same. Ujana wake aliuacha Mirerani, chini ya ardhi, akichimba tanzanite. Alichotoka nacho huko ni vumbi la mawe ndani ya mapafu, na daktari alimwambia halitoki. Sasa aliishi Singe kwa binti yake, Edda, akisubiri. Jumamosi tu ndiyo hakusubiri.

Walicheza watatu mchezo wa kusimulia: yeye, Amira, na Jesse, fundi pikipiki. Amira alisimulia mahali: ngome iliyobomoka, msitu, ngazi inayoshuka gizani. Wenzake walisema watu wao wa kubuni wanafanya nini, na dadu ya pande ishirini ikaamua kama wamefaulu. Walikuwa na vitabu viwili vya kanuni, wakavitumia kwa zamu, na walivipenda vyote viwili. Kipya kilikuwa kama harusi: kila mtu na uchawi wake, na anayeanguka hurushiwa dadu mara kadhaa kabla ya kufa, tena wenzake huweza kumwinua. Humo Elineema alikuwa mwimbaji mnene, mwongo, aliyewachekesha mpaka wateja wakachungulia mlangoni. Cha zamani, nakala iliyofifia, kilikuwa kama msiba: watu wachache, maneno machache. Mzigo una uzito wake, mwenge unaisha, ukifa umekufa. Humo alikuwa Ndurumo, mchimbaji. Alitaka jambo moja tu: Ndurumo afike chini kabisa ya shimo la ngome, kisha apande akiwa hai.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya kitabu cha zamani, na Ndurumo alikuwa amefika chini. Alikuwa ameinama kuchukua mfuko wa dhahabu nyoka alipomuuma.

"Sumu," alisema Amira. Kwa kanuni ile, sumu ni dadu moja, basi. Aliitazama midomo ya Elineema iliyopauka, akavuta kitabu kipya. "Baba Edda, leo tutumie hiki. Utarusha mara kadhaa."

"Nani kaomba?"

"Nimeona tu..."

"Farasi wa Jesse alipokufa kwa kitabu hikihiki cha zamani, uliona nini?"

"Farasi wangu mumwache," alisema Jesse. "Alikuwa na akili kuliko Ndurumo."

Elineema alicheka, kicheko kikawa kikohozi, wakangoja kipite.

"Mama Tunu," alisema, "hospitali wananipunguzia sauti. Kanisani wananipunguzia sauti. Nyumbani namenyewa chungwa. Nipe dadu yangu moja."

Alihitaji kumi na mbili. Ilibiringika, ikatulia kwenye saba.

"Amekufa," alisema Amira, kwa sauti ileile aliyosomea bei za karatasi.

Elineema akaweka kiganja mdomoni. Aliyekufa hasemi mpaka kikao kiishe; kanuni hiyo aliiweka yeye mwenyewe, alipochoshwa na marehemu wanaotoa ushauri.

Akabaki mtu wa Jesse peke yake, mwizi mwembamba mwenye mwenge uliobaki nusu. Aliweza kubeba mfuko au maiti, si vyote. Siku zote waliacha maiti, na wa kwanza kusema ziachwe alikuwa Ndurumo.

"Namtoa," alisema Jesse.

"Uzito wake ni magunia mawili. Utakwenda nusu mwendo. Mwenge hautakufikisha juu."

"Sijauliza, Mama Tunu. Namtoa."

Elineema alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Maiti inatikisa kichwa," Jesse alisema. "Lala, mzee."

Wakapanda, chumba baada ya chumba, Amira akihesabu mwenge bila huruma. Uliwazimikia kwenye njia panda.

"Giza," alisema. "Kulia au kushoto?"

Ramani ilikuwepo, lakini gizani haisomeki. Siku zote njia aliikumbuka Elineema, kama watu waliofanya kazi mahali ambapo taa ikizimika unarudi kwa kupapasa ukuta. Aliijua. Jesse alijua kwamba anaijua, na hakumgeukia. Amira ndiye aliyemtazama: Elineema alikuwa amefumba macho, yasije yakaonyesha upande.

"Kulia," alisema Jesse.

Kulia kulikuwa na kisima. Jesse alirusha dadu ajishikilie ukingoni, dadu ikakataa. Amira akayasimulia yale maji, baridi yake na kina chake, mpaka yalipowafunika wote wawili.

"Kikao kimekwisha," alisema.

Elineema akafumbua macho. "Mjinga wewe. Mimi ningechukua mfuko."

"Najua."

"Sasa hivi ningekuwa nje, nakunywa."

"Najua, mzee."

Desturi yao ilikuwa kwamba aliyekufa huanza mtu mpya papo hapo. Jesse akachomoa karatasi mbili tupu rafuni, moja akaisukuma mbele ya mwenzake pamoja na penseli. Elineema aliiangalia kidogo, akairudisha.

"Huku nimemaliza," alisema. "Wiki ijayo ni kitabu kipya. Huko bado naimba."

Maneno hayo yalimchukua pumzi tatu.