Vitabu Alivyoacha Driwaru

Shule aliyofundisha Driwaru mjini Arua ilipofungwa, mwenye shule aliamuru vitabu vya maktaba vichomwe. Driwaru, mjane asiye na mtoto, akaviomba, akavibeba kwa baiskeli hadi kijijini kwake Ayivu. Nyumba ikajaa hata pa kulala pakawa taabu. Ndipo akaanza kuvigawa kwa namna yake: kimoja kwenye benchi la kituo cha afya, kingine kwenye steji ya pikipiki za boda, kingine kanisani watu wakishatoka. Ndani ya jalada aliandika: Soma, kisha mwachie mwingine. Jina hakuweka. Aliona haya kushukuriwa.

Jirani yake Ritah alimwona siku moja, akacheka, akaomba cha kwake. Akawa anakuja kubadilisha kila mara. Hadithi moja ilimliza mpaka akaunguza maharage.

Kisha Amandu, mwendesha boda, akaokota kitabu stejini, akampelekea binti yake. Haikupita wiki, mtoto akashikwa na homa, akafa. Kwenye matanga mama yake Amandu alikishika kile kitabu kwa ncha za vidole.

"Nani anaacha kitu nzuri kwa njia, bila jina, bila kuomba kitu? Hii iko na sumu."

Hofu ikaingia. Waliookota vitabu wakavitupa, wakaanza kuulizana nani ana vingine. Macho yakamwendea Ritah, maana kwake vilikuwa vikionekana.

"Si mimi," Ritah akasema upesi. "Ni Mwalimu Driwaru. Mimi niliona yeye akiweka."

Walimkuta uani akianika mihogo. Vitabu vikatolewa nje, vikamwagiwa petroli. Driwaru aliwaambia kwamba ile ilikuwa malaria, kwamba mtoto angepelekwa hospitali mapema angepona. Neno hilo lilimchoma Amandu kuliko yote. Akachana kurasa, akamsukumizia mdomoni.

"Kama iko bila sumu, kula!"

"Amandu, mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

"Kula!"

Akala. Karatasi ilimkwama kooni, akaimeza kwa nguvu, mara akatapika miguuni pao.

"Mumeona?" mama yake Amandu akapaza sauti.

Baada ya hapo yakaja mawe. Ritah hakurusha hata moja. Alichofanya ni kushikilia mlango, Driwaru asikimbilie ndani.

Mwenyekiti wa kijiji alifika vitabu vimekwisha kuwa jivu. Alimwambia hawezi kumlinda, aondoke kabla jua halijatua. Driwaru akaondoka jicho moja limefumba, na halikufumbuka tena.

Sasa anaishi Lurujo, wilayani Koboko, kwa kaka yake Jude. Kaka alimpokea, ila habari zilikuwa zimemtangulia. Sahani yake ni ya peke yake, na wifi yake hamruhusu kugusa chungu.

Juzi Emilia, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayelima shamba la jirani, alikuja na chupa ya dawa.

"Mama, nisomee hapa. Mtoto nampa kiasi gani?"

Maandishi yalikuwa makubwa, hata kwa jicho moja yalisomeka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, akiiangalia mikono ya Driwaru.

"Sijui kusoma," Driwaru akasema, bila kuipokea chupa.

Emilia akashukuru, akarudi kwake kukadiria mwenyewe.